Mapovu kwenye chupa ya mjukuu wangu: yanamsaidia au yanamzamisha?

"Naomba kueleweshwa. Binti yangu presha ilimpanda, akapasuliwa mimba ikiwa ya wiki 30. Mtoto wa kiume, kilo 1.3, leo ana siku tatu. Wamemweka kwenye mashine: vimipira viwili puani, kofia ya kuvishikilia, na mpira mmoja ambao mwisho wake umezamishwa kwenye chupa ya maji. Yale maji yanabubujika usiku na mchana kama sufuria iliyo jikoni. Nimeuliza, nikaambiwa 'inamsaidia kupumua', basi. Mtoto anapumuaje kupitia maji? Hayatamwingia mapafuni? Juzi usiku mapovu yalikatika ghafla, nikapiga kelele, nesi akaja akasogeza vile vimipira yakaanza tena. Jana nikaona povu la hewa linatembea kwenye mpira wa dripu yake, nesi akaligonga kwa kidole akaondoka. Mimi tangu zamani nasikia hewa ikiingia kwenye mshipa mtu anakufa papo hapo. Jirani kaniambia mtoto akishawekewa oksijeni ni kusubiri tu, na shemeji anataka tumhamishie hospitali binafsi mjini. Binti yangu bado hajaweza kutembea, mimi ndiye ninayekesha naye. Nifanye nini?"

Shikamoo mama, na poleni sana wewe na binti yako. Nimelisoma swali lako mara mbili. Umeuliza kuhusu chupa, dripu, oksijeni na kuhama, ila naona kinachokunyima usingizi ni kimoja: umekabidhiwa mjukuu ukeshe naye, na vitu vilivyomzunguka hakuna aliyekaa chini akakueleza ni vya nini. Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga. Chupa za namna hiyo nimezijaza maji na kuzipima kwa miaka mingi, na najua tunavyosema "inamsaidia kupumua" huku tunakimbilia kitanda cha pili. Nesi hakukudanganya. Lakini jibu lile linamwacha mzazi na picha ya mtoto anayevuta maji, na picha hiyo si ya kweli. Tuanzie hapo.

Mjukuu wako hapumui kupitia maji. Ukienda leo, ifuate ile mipira kwa macho bila kuigusa. Mmoja unatoka kwenye chanzo cha hewa, iwe mashine ya kuzalisha oksijeni au mtungi, pamoja na hewa ya kawaida inayochanganywa nayo. Hewa hiyo hupita kwenye chombo cha kuipasha joto na kuitia unyevu, kisha inafika puani. Hapo mtoto anachukua anachohitaji. Inayobaki, pamoja na ile anayoitoa mwenyewe, inaondoka kwa mpira wa pili, na huo wa pili ndio uliozamishwa kwenye chupa. Chupa iko mwisho wa safari, kama ekzosi ilivyo nyuma ya gari. Hewa ikishatoka pale kama mapovu hairudi kwa mtoto. Maji nayo hayapandi kwenda puani, kwa sababu ndani ya mpira hewa inayasukuma nje muda wote, na chupa huwekwa chini ya usawa wa mtoto. Ndiyo maana tunamkataza mtu yeyote kuinyanyua, hata kama nia yake ni kufuta meza.

Sasa maji ni ya nini? Ukirudi nyumbani kuoga, chukua glasi ndefu ya maji na mrija wa soda. Zamisha ncha ya mrija kidogo tu, kiasi cha upana wa kidole, upulize. Mapovu yatatoka bila taabu. Kisha zamisha mpaka karibu na kitako cha glasi, upulize tena. Safari hii utahisi mashavu yanajaa kwanza, ndipo povu la kwanza litoke. Kadiri ncha inavyokwenda chini ndivyo hewa inavyolazimika kusukuma zaidi ili ipate njia. Maji ya kwenye chupa ya mjukuu wako ni kizuizi cha aina hiyo, tena kizuizi chenye kipimo. Mpira ukizamishwa sentimita 5, basi hewa yote iliyo kwenye mipira, puani na kifuani inabaki na mgandamizo unaokaribia uzito wa sentimita 5 za maji. Watoto wengi huanzishiwa 5 au 6, na anayehitaji zaidi huongezewa mpaka 7 au 8. Angalia ubavuni mwa chupa au kwenye mpira wenyewe, utaona namba, wakati mwingine zimeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Wodini tunaiita sipapu, kwa herufi CPAP. Kinachopanga mgandamizo wake ni rula na maji.

Baba mmoja, fundi wa visima, aliwahi kuniuliza kama yale mapovu yanaisafisha hewa. Swali lake lilikuwa na mantiki. Kwenye kazi yake maji ya kisima kirefu mara nyingi hutoka meupe, yakilala usiku kucha kwenye ndoo asubuhi yana rangi ya kutu. Ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake: kikikutana na oksijeni ya hewani kinageuka kutu na kutuama. Kwa hiyo mafundi huyarusha maji hewani au huyapulizia mapovu makusudi, kutu ijitenge mapema, ichujwe na mchanga kabla maji hayajafika bombani. Kule mapovu yanayapelekea maji oksijeni. Kwenye chupa ya wodini hatuhitaji mapovu yabadilishane chochote na maji. Tunachotumia ni uzito wa maji tu. Nilipomweleza hivyo alikaa kimya, kisha akaniomba rula ahakikishe mwenyewe ni sentimita ngapi. Zilikuwa 6, kama faili lilivyosema.

Mgandamizo huo unahitajika kwa sababu ya jinsi mapafu yalivyoumbwa, na naomba uvumilie kidogo hapa, maana ukiielewa sehemu hii yote uliyoyaona wodini yatakaa mahali pake. Mapafu si mifuko miwili mitupu. Ni mamilioni ya vifuko vidogo mno, na kila kifuko ndani kimetandwa na maji. Kwa hiyo kila kimoja ni kiputo, hewa iliyozungukwa na maji. Na maji yana tabia ya kujivuta na kujikusanya. Umeliona tone la mvua juu ya jani la gimbi, halitandai, linajiviringa. Mvuto huo unakibana kifuko kutoka pande zote, na kifuko kikiwa kidogo kinabanwa zaidi kuliko kikubwa. Anayepuliza puto la sikukuu anajua kwamba pumzi ya kwanza ndiyo ngumu, likishafunguka kidogo linakubali.

Mtu mzima, na mtoto aliyetimiza miezi yake, anayo dawa ya hilo mwilini. Ni utando wenye mafuta, unaofanya kazi kama sabuni, unaotandazwa ndani ya vifuko na kuulegeza ule mvuto wa maji. Kitaalamu unaitwa safaktanti. Mtoto aliye tumboni huanza kuutengeneza karibu na wiki ya 24, na kwa kawaida humtosha akifika wiki ya 34 au 35. Mjukuu wako alitoka wiki ya 30. Akitoa pumzi vifuko vyake vinanywea na kuta zake zinagandana, akivuta tena inabidi avibandue upya. Kila pumzi kwake ni ile pumzi ya kwanza ya puto, na mtoto mchanga anatakiwa kupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika. Hapo ndipo unapoona mbavu zinaingia ndani, pua zinatanuka, na unasikia mguno mdogo kila akitoa hewa. Mguno ule ni mwili unajitafutia njia: mtoto anafunga koo kidogo ili hewa isiishe yote kifuani. Chupa inamfanyia kazi hiyo hiyo bila yeye kuchoka. Inambakishia hewa kidogo mwisho wa kila pumzi, vifuko visigandane.

Ujuzi huu si wa zamani. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Boston, walionyesha kwamba watoto waliokuwa wakifa kwa shida hii walipungukiwa na utando huo. Agosti 1963 Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, wiki ya 34 ya mimba. Hakufikisha siku mbili. Baba yake alikuwa na uwezo wa kuita daktari yeyote na kupata kifaa chochote, lakini cha kumwokoa mtoto yule hakikuwepo bado. Ilikuwa mwaka 1971 ndipo George Gregory na wenzake wa San Francisco walipotangaza kwamba kumwachia mtoto mgandamizo mdogo wa hewa muda wote kunaokoa. Jen-Tien Wung wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akaishikilia njia ya chupa na mapovu wakati hospitali nyingi zilikimbilia mashine kubwa za kupumulia, na mwaka 1987 hospitali nane za Marekani zilipolinganishwa, ya kwake ndiyo iliyokuwa na watoto wachache zaidi waliobaki na ugonjwa wa kudumu wa mapafu. Kwa hiyo usidhani mjukuu wako amewekewa kifaa cha maskini kwa kukosa kingine. Hospitali kubwa za dunia zinatumia chupa hiyo hiyo.

Kwa watu wenye hali kama yetu, jibu la karibu lilitoka Malawi, Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba kati ya wachanga wenye shida kali ya kupumua, waliowekewa mapovu walipona 71 kwa kila 100, na waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani walipona 44. Wenye upungufu wa safaktanti peke yao, kama inavyoelekea kuwa kwa mjukuu wako, walikuwa karibu 65 dhidi ya 24. Kifaa chao kinaitwa Pumani, neno la Kichewa ambalo hata wewe sikio lako linalipokea: ni ndugu wa pumua na pumzika.

Sitakuficha upande wa pili. Sabini na moja si mia. Wapo watoto ambao mgandamizo peke yake hauwatoshi, wakahitaji kuwekewa safaktanti yenyewe kwa mpira kooni, au mashine inayowapumulia. Safaktanti ni ghali na si kila hospitali inayo. Na Malawi hiyo hiyo, matokeo ya mwaka 2019 kutoka hospitali ya wilaya, kwa watoto wakubwa kidogo, wa mwezi mmoja hadi miaka mitano, waliokuwa na nimonia kali pamoja na matatizo mengine kama utapiamlo au oksijeni kushuka, yalionyesha kinyume: waliowekewa sipapu walikufa 17 kwa 100, wa oksijeni ya kawaida 11. Wale hawakuwa njiti, na hapakuwa na daktari wa kuwasimamia muda wote. Naitaja kwa sababu inafundisha kwamba chupa bila macho ya mtu haitoshi. Wewe umeshakuwa sehemu ya macho hayo, tangu ile juzi usiku.

Kile kelele ulichopiga kilikuwa sahihi kabisa. Mapovu yakikatika maana yake hewa imepata njia nyingine ya kutokea kabla ya kufika chupani, au haiji kabisa. Mara nyingi vimipira vimechomoka puani kidogo, au ni vidogo kuliko tundu za pua, au mtoto ameachama mdomo, au mpira umeachia kwenye maungio, au umeme umekatika na mashine imezima. Nesi alivyovirudisha puani, njia ikazibwa, mapovu yakarudi. Usijaribu kuvirudisha wewe. Vinatakiwa viache nafasi ya milimita mbili hivi bila kugusa ule mfupa laini unaotenganisha tundu za pua, kwa sababu vikiukandamiza kwa siku kadhaa vinauchimba, na kidonda cha pale kinaweza kuacha kovu la maisha. Ukiona ngozi ya pale imekuwa nyekundu au imebadilika rangi, mwambie nesi siku hiyo hiyo.

Ila kuna jambo wazazi wengi hawalijui, na hata mimi nililijua vizuri baada ya usiku mmoja. Niliitwa na mama aliyekaa kando ya kitanda, akaniambia tu, "Sista, huyu leo siyo yule wa jana." Nikatazama chupa, ilikuwa inabubujika vizuri kabisa. Nikataka kumtuliza. Kisha nikamtazama mtoto: kifua kimebonyea kila pumzi, ulimi umeanza kuwa wa kijivu. Kamasi nzito ilikuwa imeziba tundu zote mbili za pua. Hewa ilifika puani, ikakuta mlango umefungwa, ikageuka kwenda zake chupani. Tulidondosha matone ya maji ya chumvi, tukavuta kamasi, na baada ya muda mfupi namba kwenye kifaa cha kupima oksijeni ikaanza kupanda. Mapovu yanakuambia mipira ya mashine ni mizima. Hayakuambii kama hewa inaingia kifuani. Kwa hiyo mtazame mtoto kwanza, chupa baadaye.

Mtazame hivi. Kifua kikianza kubonyea kuliko asubuhi, akiguna zaidi, akipumua haraka kupita 60 kwa dakika, au akinyamaza bila kupumua hata kama ni kwa kuhesabu moja mpaka ishirini, ita mtu. Rangi usiitafute kwenye ngozi ya uso, kwa watoto wetu weusi inachelewa kuonekana. Tazama ulimi na fizi. Tumbo likijaa na kukaza kama ngoma, waambie pia: hewa nyingine humezwa, ndiyo maana ule mpira mwembamba unaoingia mdomoni huachwa wazi baada ya maziwa, upate kuitoa. Na kama alikuwa vizuri akabadilika ghafla, kwa dakika chache tu, usisubiri nesi amalize anachofanya, nenda umshike mkono. Yawezekana hewa imetoboka kutoka kwenye pafu na kulikandamiza, jambo ambalo halitokei kila mara lakini likitokea linataka daktari papo hapo.

Maji yanayojikusanya ndani ya mipira, yale matone unayoyaona yakitembea, ni unyevu wa hewa ya joto uliopoa. Nesi anayamwaga. Yakiingia kwenye chupa na kuinua usawa wa maji, mpira unakuwa umezama zaidi ya ilivyoagizwa na mgandamizo unaongezeka, kwa hiyo ule mstari kwenye chupa ni wa kuuliziwa kila zamu.

Tuje kwenye dripu, maana pale kiputo ni habari nyingine kabisa. Kwamba hewa kidogo kwenye mshipa inaua papo hapo si kweli kwa mtu mzima. Kiputo kidogo kinasafiri na damu mpaka mapafuni, kinakwama kwenye vimishipa vyembamba vya kule, na hewa yake inafyonzwa. Kiasi kinachokadiriwa kumuua mtu mzima ni mililita 200 hadi 300 zikiingia kwa mkupuo, na ulichokiona wewe ni sehemu ndogo ya mililita moja.

Lakini mjukuu wako si mtu mzima, na nisingependa uchukue maelezo hayo ukayahamishia kwake moja kwa moja. Mtoto mchanga bado ana kitundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, kilichokuwa kinamfaa tumboni na bado hakijafunga. Kiputo kinaweza kupitia hapo kikakwepa mapafu, kikaelekea kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo sisi huitoa hewa kwenye mpira wa dripu kwa makini kabla ya kuuunganisha, na tukiona kiputo tunakigonga kwa kidole ili kipande juu, kijitoe kwenye kile kichupa cha matone au mahali pa kukivutia kwa bomba la sindano. Nesi alipogonga alikuwa anafanya kazi yake. Angekuambia neno moja, usingelala na hofu.

Viputo hivi hujitokeza hata pale dripu ilipowekwa vizuri. Mimina maji ya baridi kwenye glasi, yaache mezani mpaka mchana: utakuta viputo vidogo vimegandia ukutani. Maji yakipata joto hayawezi kushikilia hewa yote iliyoyeyuka ndani yake, inajitenga. Dripu iliyotoka mahali penye ubaridi ikaingia wodi ya njiti, ambayo joto lake unalijua, inafanya vivyo hivyo. Mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo zina shida hiyo hiyo kwa ukubwa: mgonjwa mmoja hutumia karibu lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa saa 4, na maji hayo yakipashwa joto hutoa hewa, kwa hiyo mashine huyavuta hewa kwanza, kisha huweka kihisio kwenye mpira unaorudisha damu. Kihisio kikinusa kiputo, pampu inasimama na mpira unabanwa wenyewe. Kwa mjukuu wako kihisio hicho mara nyingi ni jicho la nesi, na sasa la kwako. Ukiona hewa ndefu kwenye mpira, kama urefu wa kidole, au dripu imeisha, au maungio yameachia, ita. Usiyarudishe maungio mwenyewe wala usizungushe ile roda ya kurekebisha matone. Na kama mpira umeingilia kwenye kitovu, hata usiuegemee, ule unafika karibu na moyo.

Jirani yako amesema alichokiona. Zamani, na mahali pengi mpaka leo, oksijeni ilifika kitandani mgonjwa akiwa ameshachelewa, watu wakaunganisha mawili hayo. Mjukuu wako amewekewa mapema, na kuwekewa mapema ndiko kunakosaidia. Hata hivyo oksijeni ni dawa, na ina kipimo chake. Hewa tunayovuta mimi na wewe ina oksijeni asilimia 21. Njiti akipewa nyingi kupita kiasi, mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho inakua ovyo na inaweza kumpofusha. Miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya njiti walipofuka hivyo huko Marekani na Ulaya kabla chanzo hakijajulikana. Kwa mtoto anayepewa oksijeni ya ziada, namba tunayoitaka kwenye kifaa kinachowaka mguuni au mkononi mwake ni 90 hadi 95. Ukiikuta 99 au 100 saa nzima, muulize nesi kwa upole kama oksijeni inaweza kupunguzwa. Usiipunguze wewe, kwa kuwa ikishuka mno nayo inaua.

Kuhusu kuhama, mwambie shemeji asubiri kwanza. Kumtoa mtoto wa kilo 1.3 kwenye sipapu, kumpakia kwenye gari na kumsafirisha bila mgandamizo, bila joto na bila mtaalamu kando yake, ni hatari kuliko kubaki alipo. Uliza hapo mlipo: kifaa cha kupima oksijeni kipo muda wote? Oksijeni inachanganywa na hewa, au anapewa oksijeni peke yake? Umeme ukikatika kuna mtungi wa akiba? Daktari anapita mara ngapi? Kama majibu ni mazuri, na mtoto anapumua kwa wepesi zaidi kila siku, sioni faida ya kumhamisha. Kama mgandamizo umefika 8 na bado anahangaika, au anasahau kupumua mara kwa mara ingawa amepewa dawa ya kumchangamsha, hapo kuhama ni jambo la kuzungumza na daktari leo hii, tena kwa rufaa, kwa gari la wagonjwa lenye oksijeni, na kule mnakokwenda wapigiwe simu kwanza mhakikishe wana mashine ya kupumulia iliyo wazi. Jina la hospitali na gharama yake visiwaamulie.

Na wewe mwenyewe, una kazi ambayo mashine haiiwezi. Mwulize daktari lini mtoto anaweza kuanza kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Watu hudhani mpaka atolewe kwenye chupa, sivyo. Daktari akiruhusu, anaweza kubebwa na mapovu yake yakiendelea kando ya kiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 mpaka chini ya 1.8 waliobebwa mapema bila kusubiri walikufa 12 kwa kila 100, na waliosubiri mpaka watulie kwanza karibu 16. Mpaka binti yako aweze kukaa, kifua chako kinafaa. Oga, vaa kitenge kinachofunguka mbele, nawa mikono mpaka viwiko, na mwache nesi amweke na kupanga mipira, wewe ukae tu. Binti yako naye asaidiwe kukamua maziwa hukohuko kitandani kila baada ya saa tatu, hata yakitoka matone, na yaletwe.

Atakaa kwenye chupa siku kadhaa, pengine wiki chache. Wataipunguza sentimita kwa sentimita, na siku atakayotolewa anaweza kurudishwa kesho yake, msivunjike moyo. Akifikisha karibu wiki nne tangu kuzaliwa, anatakiwa apimwe macho na daktari wa macho, hata kama yanaonekana mazima. Waambie tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake kabla hamjaruhusiwa kutoka.